Matundu Saba Ukingoni

Mgambo wawili waliwakuta Mwalimu Marcelina na Hana wamelala kifudifudi kwenye nyasi za ufukweni Musoma, macho wameyaelekeza upande wa gati. Ilikuwa asubuhi ya Novemba 1978, wiki ya pili tangu redio itangaze kwamba nchi iko vitani na Uganda. Kabla Marcelina hajainuka vizuri, mmoja wao, kijana mrefu aitwaye Makongoro, alikuwa ameshalinyakua daftari mikononi mwa mtoto.

Hana alikuwa na miaka tisa, binti wa kaka yake Marcelina wa kijiji cha Suguti, aliyeletwa mjini kwa shangazi, mtaa wa Nyasho, ili asome. Darasani alikuwa mzito wa kuongea. Lakini Marcelina aligundua kwamba ukimpa penseli na kitu cha kutazama, haondoki. Basi wakawa wanashuka ziwani kabla ya kengele ya shule kuwatazama mdiria, ndege weupe wenye mabaka meusi waliotoboa matundu kwenye ukingo wa udongo ili watage. Amri ya shangazi ilikuwa moja: chora kilicho mbele ya macho yako, usiongeze, usipunguze.

Ofisi ya mgambo ilikuwa chumba kimoja chenye meza na benchi. Mkuu wao, Ndugu Boniphace, alilifungua daftari akasoma polepole.

"'Saa moja na dakika kumi, mmoja ameingia. Saa moja na dakika ishirini, wawili wametoka, wameelekea kaskazini.'" Akageuza ukurasa. Palikuwa na matundu saba, na nyuma yake gati, limechorwa nguzo kwa nguzo, meli imefungwa kando. Boniphace alizihesabu nguzo kwa ncha ya kidole. "Makongoro, nenda kahesabu nguzo za gati zinazoonekana kutoka pale ulipowakuta."

Kijana alirudi anahema.

"Kumi na nne, afande."

"Na hapa ni kumi na nne." Boniphace alimgeukia mtoto. "Nani alikwambia uchore gati?"

"Shangazi," Hana alijibu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Marcelina alitaka kumziba mtoto mdomo, na papo hapo akajionea aibu.

"Ndugu Boniphace, hao wanaoingia na kutoka ni ndege. Namfundisha mtoto kutazama."

"Na huko kaskazini?"

"Ndiko wanakovua furu, samaki wadogo wa kulisha makinda."

"Upande huo ndiko Uganda iliko, Mwalimu." Alitazama saa yake. "Lori la watuhumiwa linaondoka saa nne. Utayaeleza hayo huko mbele. Mtoto tutamtafutia watu wake."

Marcelina alishika ukingo wa benchi. Watu wawili wa mtaa wa chini walikuwa wamepanda lori hilo Jumatatu, na mpaka leo hakuna aliyejua walikofikia.

"Twende nikuonyeshe," Hana alisema. Hakumtazama mtu yeyote, alikuwa analitazama daftari.

Walishuka ukingoni: Boniphace, mgambo watatu wenye bunduki, mwalimu na mtoto. Wakasimama. Matundu yalikuwepo, saba, lakini hakuna ndege hata mmoja. Dakika kumi zilipita, zikapita nyingine. Boniphace alitazama saa mara ya tatu.

"Hakuna kitu hapa."

"Mmesimama," Hana alisema. "Wakiona watu wamesimama hawaingiagi. Mlale. Na bunduki muweke chini, zinang'aa."

Marcelina alifumba macho. Alisikia Makongoro akiihamisha bunduki yake kutoka begani kwenda mkononi. Alipofumbua, Boniphace alikuwa bado anamkazia macho mtoto. Kisha mkuu akavua kofia, akapiga magoti, akalala kwenye nyasi. Wengine wakamfuata.

Ndege mmoja akaja, akasimama hewani akipiga mbawa, halafu akageuka akaenda zake. Makongoro alikohoa.

"Funga mdomo," Boniphace alinong'ona.

Ndipo yule ndege akarudi, furu mdomoni, akapita juu ya vichwa vyao na kuzama ndani ya tundu la tatu. Kutoka mle ukasikika mlio mwembamba wa makinda.

"Saa tatu na nusu," Hana alisema taratibu, akichungulia saa ya Boniphace. "Mmoja ameingia."

Boniphace alisubiri mpaka ndege alipotoka na kuelekea kaskazini. Akainuka, akajifuta magoti, akauchana ule ukurasa wa gati kutoka daftarini, akaukunja na kuutia mfukoni. Daftari akamrudishia Marcelina.

"Ndege nimewaona. Gati nalo nimeliona. Sitaki kuwakuta hapa tena mpaka vita iishe. Siku nyingine mtakutana na asiyekubali kulala chini."

Hana alifungua mdomo, macho yakiwa kwenye mfuko wa yule mtu. Marcelina alimbana mkono kwa nguvu mpaka akaufunga.

Walipofika barabarani Marcelina alisimama ghafla. Akakaa juu ya jiwe, daftari amelikumbatia kifuani.

"Shangazi, unaumwa?"

"Nimechoka tu."

Hana alikaa kando yake. Akauliza, "Wale makinda, nani atakuwa anawaangalia?"

"Mama yao," Marcelina alisema. Akasimama, akamshika mkono, wakapita njia ndefu ya sokoni ambako ziwa halionekani.