Nukta Nyuma ya Kidari

Shangazi hakuwahi kushindwa na mtu kwa maneno. Ndiye aliyemlea mtaalamu wa mionzi, na ndiye aliyempa jina la Macho, kwa kuwa utotoni aliweza kuiona sindano iliyodondoka kwenye mkeka. Siku Shangazi alipolazwa chini ya kamera ya hospitali alimwuliza Macho kama miaka yote ile alisomea kulaza wazee juu ya ubao.

Ubao ulikuwa mgumu kweli. Moja ya tezi ndogo za shingoni, zile zinazosimamia kalsiamu mwilini, ilikuwa imeota uvimbe uliokuwa ukinyonya mifupa ya Shangazi na kumjaza mawe kwenye figo. Usipotolewa, hamalizi mwaka.

Macho alimdunga dawa yenye mionzi, akangoja saa mbili ififie kila mahali ila kwenye uvimbe, kisha akapiga picha ya shingo. Kushoto palionekana kivuli hafifu. Ilibaki kuishusha kamera mpaka usawa wa moyo, maana baadhi ya tezi hizi hujificha kifuani.

"Bado sana, mwanangu? Mgongo unaniua."

"Tumemaliza, Shangazi."

Macho alimwonea huruma. Angekuwa mgonjwa mwingine, angeishusha bila hata kumjibu.

Daktari wa upasuaji aliifuata picha. Alipasua kushoto, akahamia kulia, saa nne nzima, asipate kitu, na katika kutafuta akaumiza mshipa wa fahamu unaoendesha sauti. Shangazi aliamka hana sauti ila mnong'ono.

Picha ya pili Macho aliipiga mpaka moyoni. Nukta ilikuwa pale, nyuma ya kidari, nyeusi, ndogo kama punje ya pilipili manga.

"Ingeonekana mwanzo tungeitoa," daktari alisema. "Sasa moyo umechoka. Nikimlaza tena haamki."

Macho alikwenda wodini akamweleza Shangazi kila kitu, hakujitetea. Maji yalikuwa yameshamwagika na aliyeyamwaga ni yeye. Shangazi alimwashiria ainame.

"Nilijua kamera haikushuka," alinong'ona. "Uliponiambia tumemaliza, nilifurahi."

Akamvuta karibu zaidi.

"Kesho ukimlaza shangazi wa mwenzio, mwache alalamike."

Macho alibaki ameinama, akingoja utani ambao sikuzote ulifuata. Shangazi alikuwa amefumba macho, na midomo yake haikutikisika tena.