Siku Kobe Alipokimbia

Viatu vya shemeji yangu vilikaa kwenye rafu ya kibanda changu siku kumi na sita. Ni viatu vyeusi vya kazi, vya kamba, soli ya mpira, kisigino cha kushoto kimelika upande wa nje. Siku zote hizo nilivitazama kila asubuhi nikifungua mlango, na sikuona kitu. Na mimi ndiye fundi niliyekuwa nikijigamba mtaa mzima kwamba mtu namsoma kwa viatu vyake.

Shemeji ninayemsema ni mke wa marehemu kaka yangu. Alifanya kazi wodini miaka thelathini na moja, akastaafu, na watu wote, mimi nikiwamo, tulimwita Nesi. Hawakujaliwa mtoto. Kaka alipofariki alimwachia chumba na sebule ghorofa ya tatu, kabati moja, na vitabu kumi na vinne vya Inspekta Kobe.

Kama hukuwahi kumsoma Kobe, pole. Ni mpelelezi wa vitabu vya zamani, mnene, mwenye koti refu na mwendo wa kuudhi. Hakimbii. Vitabu vyote kumi na vinne, hakimbii hata mara moja. Wenzake wanamwona mzembe, wahalifu wanamcheka, naye jibu lake ni moja tu: "Nakawia, lakini nafika." Tena ana kanuni yake kwamba mtu mwenye hasira hafuatwi, anangojwa. Kobe huketi akamngoja, na kabla ya ukurasa wa mwisho mtu huyo huja mwenyewe akamwaga yote. Kaka alinisomea vitabu hivyo tulipokuwa tukilala kitanda kimoja, na nadhani nusu ya tabia zangu nimezitoa humo. Mke wangu husema ni ile nusu mbaya.

Kila Jumamosi saa kumi alasiri nilikuwa nikiteremsha mlango wa kibanda nusu, napanga viti vitatu kati ya cherehani na ndoo ya gundi, tunakaa mimi, Nesi na Karani. Karani alistaafu mahakamani, lakini mdomo wake haujastaafu. Tulianza kwa kujadili vitabu, na vitabu vilipotuishia tukawageukia walioviigiza. Kulikuwa na mchezo wa redio ambao Kobe alipewa mke, wakati vitabuni ni kapera mpaka mwisho. Kulikuwa na filamu ambayo Kobe alikuwa mwembamba, Karani akasema yule si kobe, ni mjusi. Halafu mwaka huu ikaja tamthilia mpya ya runinga, kila Ijumaa jioni, na hiyo ndiyo iliyotugombanisha.

Kobe wa tamthilia ni kijana. Ana simu mbili na ndevu zilizochongwa, na koti hana. Hayo yote niliyameza. Lakini sehemu ya tatu, Kobe anaambiwa kwamba shahidi wake, mama mmoja mzee, hapokei simu tangu asubuhi. Kitabuni anakwenda kwa miguu, anasimama njiani kununua gazeti, anamkuta mama amekufa, na ni gazeti hilo linalomwonyesha muuaji. Kwenye tamthilia anakimbia. Anapanda ngazi mbili mbili, anaupiga mlango teke, na mama yuko hai.

Jumamosi ile Nesi alifika akihema. Alikaa, akavua viatu, akanikabidhi.

"Shemeji, nitanulie hiki cha kushoto. Mguu umeamua kunenepa peke yake bila kunishauri."

"Mwili mzima umekonda, mguu unanenepa?"

"Ndiyo nakwambia. Na usiniwekee mwezi, ndivyo pekee vinavyoniingia. Jumatatu navifuata."

Nikampa ndala za kibanda, kiatu nikakipachika kwenye kalibu ya mbao ili kitanuke, tukaanza mjadala. Nilikuwa nimeshapandwa na mori tangu jana yake.

"Wamemuua Kobe," nikasema. "Kobe akikimbia si Kobe tena, ni mwizi wa kuku."

Karani akacheka. Nesi hakucheka.

"Mimi nimempenda jana kuliko siku zote," akasema. "Yule mama kitabuni alikufa kwa sababu ya gazeti. Miaka arobaini namwonea huruma, na nyinyi wanaume hata mmoja wenu hajawahi kumtaja. Mnasifia gazeti."

"Alikuwa ameshakufa kabla ya gazeti."

"Nani kakwambia? Mwandishi hakusema. Fundi, mimi nimefanya kazi wodini. Kuna siku ya kutembea na kuna siku ya kukimbia, na mtu asiyejua kuzitofautisha anaua watu kwa upole wake."

Maneno hayo yalinichoma, kwa sababu Karani aliitikia kwa kichwa. Mimi nikishindwa hoja huwa naokota jiwe. Nikasema, "Wewe Kobe umemjulia wapi? Vitabu ni vya kaka yangu. Wewe umevirithi tu, pamoja na kabati."

Nesi alichukua mkoba wake na kuinama kupita chini ya mlango ulioteremshwa nusu. Nilimwona akienda na ndala zangu, mkono mmoja ukutani. Nikasema moyoni, anajitia unyonge ili nimfuate. Sikumfuata.

Jumatatu hakuja.

Mke wangu hakuwapo wiki zile. Alikuwa mji mwingine kwa binti yetu aliyejifungua, akinipigia simu kila jioni kuniuliza kama nimekula. Alhamisi akaniuliza habari nyingine.

"Simu ya Nesi haipatikani. Mmegombana?"

"Kanuna. Zitamwisha."

"Nenda kamwangalie."

"Haraka haraka haina baraka."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo. Na chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Baba, tusishindane kwa methali, vaa viatu uende."

Nilimwahidi kwamba nitakwenda. Nilisema hivyo ili akate simu.

Jumamosi ya pili tulikuwa wawili na kiti kimoja kitupu. Watu wengine katika hali hiyo wangekwenda kubisha hodi. Sisi tulifanya upelelezi. Karani alitoa daftari, kwa kuwa mahakamani walimfundisha kuandika hata kikohozi cha shahidi, akaorodhesha tuliyoyajua. Simu imezimwa. Viatu havijachukuliwa. Yeye mwenyewe alipita chini ya jengo lao jana yake, akaona dirisha la sebule limefungwa na shuka mbili zimeachwa kwenye kamba ya kibarazani, mvua imezinyeshea.

"Nesi hasahau shuka nje," akasema Karani.

"Ndiyo maana yake," nikamjibu, kwa ile sauti ya Kobe ya ukurasa wa mwisho. "Anajua unapita pale kila Ijumaa. Kaziacha uzione uje uniambie, nipatwe na wasiwasi niende kuomba msamaha. Na simu kaizima kwa sababu hiyohiyo. Na viatu kaviacha ili kila siku nivitazame nijione mbaya. Huyu mwanamke amesoma vitabu kumi na vinne, usimchukulie hivihivi."

Karani alikunja daftari kwa heshima. "Fundi, wewe ungeajiriwa."

Nilivimba kichwa. Nakiri hivyo, kwa kuwa hadithi hii haina maana kama nitajipaka mafuta. Nilifurahi. Niliona nimemshika, na kilichobaki ni kuketi mpaka aje mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata tamthilia ilifika sehemu ya tano. Kobe kijana alimdhihaki karani mmoja wa posta mbele ya watu, jambo ambalo Kobe wa kweli hawezi kulifanya, nikajikuta nageuka kitini kumwambia Nesi. Nilikuwa peke yangu sebuleni. Hapo ndipo nilipoanza kumkosa, lakini nilimlaumu yeye kwa kutokuja.

Jumamosi ya tatu Karani aliingia, akaviona viatu bado viko kwenye rafu, akatania kama kawaida yake.

"Kwani Nesi siku hizi anatembea peku?"

Nilicheka naye. Kisha kicheko kikanikatikia katikati. Nilikishusha kiatu cha kushoto, nikakitoa kwenye kalibu, nikaingiza mkono ndani. Kazi yangu ni hiyo, vidole vyangu vinajua mguu wa kila mteja. Alama ya mguu wake wa zamani ilikuwa nyembamba, katikati ya soli, miaka yote. Juu yake kulikuwa na alama mpya iliyojaa mpaka kwenye mshono. Huo haukuwa unene. Huo ulikuwa uvimbe, wa mguu mmoja, wa mwanamke aliyefika kwangu akihema, ambaye aliniambia kwa mdomo wake kwamba viatu vingine havimwingii. Mwenye pea moja haiachi wiki mbili kwa kununa.

"Twende," akasema Karani. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Jumatatu," nikasema. "Aliahidi Jumatatu, nitampelekea Jumatatu."

Mpaka leo Karani huniuliza kwa nini. Nilimjibu siku ile kwamba Jumapili watu wanapumzika. Ukweli ni kwamba nilitaka kumpa siku mbili zaidi aje kwa miguu yake mwenyewe aniambie nilikuwa sahihi. Hofu ilikuwa imeshaniingia, na bado nilikuwa nataka kushinda.

Jumatatu nilivipiga viatu rangi, nikavifunga kwenye karatasi, nikaenda. Nilitembea. Njiani nilisimama kununua gazeti, kwa mazoea tu, sikufikiria chochote, na ni pale nilipolikunja kwapani nilipokumbuka yule mama wa kitabuni. Nikalitupa kwenye pipa la taka kama linaniunguza.

Kwenye ngazi za ghorofa ya tatu nilimkuta mshonaji anayeishi chini ya Nesi, ameshika ufunguo na kanga mkononi. Alinitazama mimi, akatazama karatasi yenye viatu.

"Wewe ndiye Shemeji?"

"Ndiye mimi."

Akakaa kwenye ngazi. Hakuniambia nikae, lakini nilikaa.

Alinieleza polepole, kama mtu anayefumua mshono. Nesi alianguka hapo hapo kwenye ngazi, Jumatatu ile ya kwanza, akishuka na ndala. Mshonaji na mumewe walimchukua wakampeleka hospitali bila hata kufikiria simu, ikabaki kitandani mpaka ikazima. Damu ilikuwa imeganda mguuni. Walimlaza. Alikuwa anaendelea vizuri, anawaongoza manesi wenzake kana kwamba bado yuko kazini. Jana alfajiri ile damu ikapanda kifuani.

"Kila siku nilimwambia, mama, tuwaite ndugu zako," akasema. "Anasema shemeji yangu atakuja mwenyewe. Mimi simjui shemeji wala kazi yake, ningemtafuta wapi? Mpaka juzi Jumamosi bado anamwambia nesi wa zamu asiondoe kiti pale pembeni ya kitanda."

Jumamosi. Saa ambayo mimi nilikuwa na mkono wangu ndani ya kiatu chake.

Akanipa daftari dogo la shule lililokuwa chini ya mto wake hospitalini. Kurasa nyingi zilikuwa za majina ya dawa na saa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Jumamosi ile ile, mwandiko wake mnyoofu, wa mtu aliyezoea kuandika mafaili ya wagonjwa:

*Tumeangalia Kobe wodini jana, wagonjwa wote wanampenda. Hoja za kumpelekea Fundi. Kijana amekosea kumdhihaki yule karani wa posta, Kobe hamdhihaki mtu. Hapo shemeji yuko sahihi, nitamkubalia, ila nisimkubalie haraka, ataota mapembe. Kuhusu kukimbia sibadilishi neno. Wananiuliza wampigie nani. Nimesema wasimsumbue mtu. Ana hasira za kaka yake, nazijua, zikimwisha atakuja kunitafuta. Hukawia, lakini hufika.*

Nilisoma mara moja tu. Kisha niliinuka nikakimbia.

Nilishuka ngazi zile mbili mbili, mtu wa miaka sitini na tatu, viatu vya mwanamke kifuani, karatasi imepasuka inapepea nyuma yangu. Barabarani watu walinipisha. Mtu mmoja alipiga kelele, "Mzee, umeiba?" na wenzake wakaangua kicheko. Nilikuwa nalia na sikuwa na mkono wa kujifuta. Magoti yalikuwa yanawaka, pumzi haitoki, na kila nilipotaka kupunguza mwendo niliongeza. Sijui nilikuwa nawahi nini. Nilikuwa nimeshaambiwa.

Mhudumu wa chumba cha maiti alikuwa mlangoni anafunga aproni yake. Aliniona nakuja, akaja mbio kidogo kunipokea, akanishika kiwiko nisianguke.

"Polepole, mzee wangu," akasema kwa upole. "Hapa hakuna haraka."

Akanionyesha benchi. Nikakaa, viatu mapajani, nikangoja niitwe.