Kabari ya Bartolomayo

Mimi nina hasira za karibu, na sioni haya kulisema. Wazee wa ukoo wetu walifika Dodoma na misafara, wakafungua maduka, na tangu hapo hawakuacha kumfokea kila anayetua mzigo mahali pasipo pake. Mimi nilirithi mdomo bila duka. Miaka kumi na minne nilisimamia uwanja wa kuegesha magari karibu na soko, na Nasri, mwenye uwanja, alipojenga pale pale jengo la maegesho la ghorofa nne, alinikabidhi funguo na kiti cha kuzunguka. "Shangazi Mwanne," aliniambia, "jengo ni lako." Nikaamini.

Nilihamia jengoni na desturi ya uwanjani. Uwanjani magari yakijaa tulikuwa tunayapanga mengine nyuma ya mengine, na aliyewaziba wenzake hakuruhusiwa kulifunga gari lake lisisogee. Atoe gia, ashushe breki ya mkono, aliache huru. Mwenye gari la ndani akitaka kutoka, wahudumu wanalisukuma la nje kwa mikono, wanampisha, kisha wanalirudisha. Kila dereva wa mjini anaijua hiyo. Basi nikaandikisha kwa rangi nyekundu katika kila ghorofa: UKIZIBA, ACHA GARI HURU. Hakuna aliyeuliza swali isipokuwa Bartolomayo.

Bartolomayo alikuwa fundi wetu wa matunzo. Taa zikiungua anabadilisha, mifereji ikijaa vumbi anazibua, mistari ya maegesho ikififia anaipaka rangi upya. Mtu wa Mpwapwa, miaka hamsini na kidogo, mpole mpaka anaudhi. Kila asubuhi alinipa shikamoo yangu, nami nilimrudishia marahaba bila kuinua kichwa kwenye daftari.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa utingo wa malori kwa miaka ishirini, akipanda na kushuka milima ya Kibakwe na mizigo ya vitunguu. Kazi ya utingo inajulikana: lori likikwama mlimani, yeye anaruka kabla halijaanza kurudi nyuma na kulitia kabari chini ya gurudumu. Kabari yenyewe ni kipande cha mbao ngumu, kimechongwa upande mmoja ukawa mwembamba, na kina kamba ya kukivutia. Malori aliyaacha, kabari zilimshinda kuziacha. Alichonga kumi na mbili, akawa anapita nazo ghorofa kwa ghorofa, na kila gari lililoachwa huru analiwekea moja.

Mimi zilinikera. Gari la mkurugenzi, jeupe linang'aa, na chini yake kigogo chenye kamba ya katani! Nilimwita nikamwambia hapa si Kibakwe.

"Sakafu ina mteremko, mama," akasema.

"Mteremko uko wapi? Mbona mimi siuoni?"

Hakubishana. Siku ya pili alikuja na chungwa, akaliweka katikati ya ghorofa ya pili, mbele yangu na mbele ya wahudumu. Chungwa likatulia. Akaligusa kwa kidole, likaanza kwenda polepole, likaongeza mwendo, likafika ukutani penye mfereji na kugonga. Alitaka kunieleza kwamba wajenzi waliinamisha sakafu ili maji ya mvua yaelekee mferejini, na kwamba kinachopeleka maji kinaweza kupeleka na gari. Sikumpa nafasi. Nililiokota lile chungwa, nikalimenya, nikalila lote nimesimama pale pale.

"Tamu," nikamwambia. "Kesho leta mawili."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye naye alicheka kidogo, halafu akainama kuokota maganda.

Novemba ile Nasri alinunua lango la kisasa, linalojifungua lenyewe dereva akigusisha kadi. Akaniita dukani kwake, anakouza vifaa vya ujenzi, akaniambia kwamba lango hilo litafanya kazi ya mtu mmoja, kwa hiyo mtu mmoja apunguzwe. Nimletee jina kwa maandishi kabla ya Ijumaa, pamoja na sababu.

Sikufikiri sana. Niliandika hivi: "Napendekeza Bartolomayo apunguzwe kazini. Sababu: muda mwingi anautumia kuweka mbao chini ya matairi ya magari ya watu." Nilijua kwamba binti yake, Elieth, yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi, na kwamba ni kazi hii inayomsomesha. Alishanionyesha picha yake amevaa sare, mara mbili. Nilijua yote hayo na nikatia sahihi.

Jumatano nikakusanya kabari zote nikazifungia stoo, kwa sababu Nasri alikuwa analeta wageni kulitazama lango na sikutaka waone magogo. Bartolomayo alinisaidia kuzibeba. Alhamisi asubuhi nikapitia dukani, Nasri hajafika, nikamwachia karani wake bahasha.

Siku hiyo mji ulikuwa umefurika, maana Bunge lilikuwa linakaa, na saa tatu asubuhi jengo lilikuwa limejaa mpaka juu. Upande wa Mtera mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Mtu wa Dodoma akiona wingu baada ya miezi saba ya vumbi anakumbuka paa lake, na mimi nilikumbuka mifereji. Nikapanda ghorofa ya pili kuikagua mwenyewe, kwani nilikuwa nimejiaminisha kwamba Bartolomayo kazi yake ni mbao tu. Nikachuchumaa ukutani, nikainua wavu wa chuma, nikaingiza mkono. Mfereji ulikuwa msafi. Hata jani halikuwamo, na hilo nalo liliniudhi.

Bartolomayo mwenyewe alikuwa hatua chache kutoka pale, juu ya ngazi, anabadilisha taa. Nyuma yangu mhudumu wetu Elisante alikuwa anampisha mama mmoja aliyetaka kutoka. Land Cruiser iliyokuwa imemziba iliachwa huru kama bango langu linavyoagiza. Elisante akaisukuma hatua ya kwanza, ya pili, na ya tatu haikumhitaji tena. Ikawa inakwenda yenyewe, milango imefungwa, mwenyewe yuko kikaoni. Elisante aliing'ang'ania kwa nyuma, ikamburuta na viatu vyake. Akapiga kelele, "Mama Mwanne! Mama!"

Mimi nilidhani ananiita kwa mambo yake. Nikamjibu bila kugeuka.

"Subiri!"

Hilo ndilo lingekuwa neno langu la mwisho duniani. Gari lililozimwa halina mlio, linakuja kimya. Nilichosikia ni kishindo cha mtu kuruka, kisha mbao ikigongwa na mpira ukilia juu ya zege. Nilipogeuka, bampa ilikuwa shibiri moja kutoka usoni pangu, na mgongo wangu ulikuwa umegusa ukuta. Chini, Bartolomayo alikuwa amelala kifudifudi, kiwiko kinavuja damu, kamba mkononi. Mwisho wa kamba ile, chini ya gurudumu la mbele, kulikuwa na kabari nyeusi kwa uzee.

Aliinua kichwa akanitazama, na alichosema sitakisahau.

"Nisamehe, mama. Hii moja sikuipeleka stoo. Niliificha kwenye boksi la taa. Ni ile yangu ya kwenye lori."

Alidhani nitamfokea kwa sababu ya kabari! Nilifungua mdomo, huu mdomo wangu ambao haujawahi kuniangusha, usitoe kitu. Nikalia. Nililia kwa sauti, nimekaa sakafuni na vumbi la ukutani limenijaa gauni zima, mbele ya watu ambao kwa miaka nimewaambia waache kudeka. Bartolomayo akamtuma Elisante maji ya kunywa, kisha akaivuta breki ya mkono mwenye gari alipopatikana, akapanda ngazi yake, akamalizia ile taa.

Ndipo nilipoikumbuka bahasha.

Nilishuka ngazi mbili mbili, na magoti yangu haya, nikapanda bodaboda bila kuuliza nauli. Nilimkuta Nasri ameshaifungua barua, ameiweka juu ya meza kati ya sampuli za vigae. Akanitazama nilivyochafuka.

"Shangazi, umeanguka?"

"Nimesimamishwa," nikasema. "Nipe hiyo barua na kalamu."

Nikamsimulia. Nilimweleza habari za mteremko, za chungwa, za bango langu jekundu, na sikujipunguzia hata punje ya kosa. Nikachukua kalamu, nikalikata neno "apunguzwe", na juu yake nikaandika "abaki". Sababu sikuigusa. Nasri akaisoma barua tena, polepole, midomo inatembea.

"Lakini sababu ni ile ile, Shangazi."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Kisha akasema kwamba hata hivyo lango limeshanunuliwa na mtu mmoja lazima atoke, sasa atoke nani. Nikamwambia aandike jina langu. Mkataba wangu unaisha Machi, ngazi zimenichosha, nyumba yangu ya Miyuji inataka mtu wa kukaa ndani yake mchana. Alipoanza kunihurumia nikamkanya, maana huruma ya Nasri ni ndefu na mimi nilikuwa na kazi ya kumalizia. Nilimtaka mambo mawili tu. Bango jekundu lifutwe, liandikwe jingine: UKIZIBA, GARI LIFUNGWE, FUNGUO ZIACHWE KWA MHUDUMU. Na zile kabari zitoke stoo leo. Akakubali yote mawili. Nilipotoka nje nilijikuta nasema alhamdulillahi kila hatua, kwa sauti, watu wananipisha njia.

Siku yangu ya mwisho, wiki tatu baadaye bila kungoja Machi, nilifika mapema na kapu la machungwa. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, ya kwanza, na maji yote yalikuwa yameshaondoka kupitia mferejini. Nilimsubiri Bartolomayo ghorofa ya pili. Alikuja na ndoo yake ya rangi, kiwiko kimebaki na kovu, akafungua mdomo kunisalimu. Nikamwahi.

"Shikamoo, Bartolomayo."

Akageuka kuangalia kama kuna mzee nyuma yake.

"Mama, mimi ni mdogo kwako."

"Najua umri wako. Shikamoo."

Hakujua aweke wapi mikono. Nikatoa chungwa moja kapuni, nikaliweka sakafuni katikati, nikaligusa kwa kidole. Likaenda polepole, likaongeza mwendo, nasi tukalitazama wote wawili mpaka lilipogonga ukuta, pale pale nilipokuwa nimechuchumaa. Nilimwambia ahsante. Nilimwambia kwamba kila asubuhi ninayoamka Miyuji ni yeye aliyenipa, na kwamba siku zote zile alizonisalimu nilikuwa sijamwona.

"Marahaba, mama," akasema taratibu.

Kisha akaenda kuliokota lile chungwa, akalimenya, akanipa nusu.