Saa Iliyopunguzwa Kitwe

Katika mitaa ya Tunduma iliyo karibu na boda, Atupele alijulikana kwa kupunguza unene wa saa. Saa nyingi zilizofika mezani kwake zilikuwa kopi za zile za kifahari. Usoni zilipendeza, ila mashine zake za ndani zilikuwa nene, na saa yenyewe ikavimba hadi kukwama kwenye mkono wa shati. Atupele alizipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, akasugua mfuniko wa nyuma kwa ndani, akaweka mpira mwembamba zaidi wa kuzuia maji, mpaka saa ikalala vizuri mkononi. Hakumficha mtu kwamba ni feki.

Kazi hiyo alifundishwa na mumewe, Ezron. Binti yao Lusungu alikuwa bado ananyonya Ezron alipovuka kwenda Zambia kutafuta wateja. Alipiga simu miezi michache, kisha namba yake ikawa haipatikani. Sasa Lusungu alikuwa darasa la kwanza. Watu walisema Ezron ameoa huko. Mama yake Atupele, kule Isongole, alimsihi arudi nyumbani alime. Atupele hakuondoka. Kila basi kutoka ng'ambo liliposhusha abiria, mikono yake ilisita kidogo juu ya kazi, macho yakapita nyuso zote, kisha akainama tena.

Siku moja dereva wa lori aitwaye Damiano alimletea saa inayokwaruza ndani kila akitembea. Alisema aliinunua Kitwe, Zambia, na kuipunguzisha hukohuko. Atupele akaipima, akaona imepunguzwa kupita kiasi. Akafungua mfuniko na kuugeuza kwenye mwanga. Ukingoni palikuwa na mkato mdogo wa mshazari, wa kumwonyesha fundi mwingine pa kuanzia kufungua. Ezron aliuweka kwenye kila saa aliyoigusa, tena kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo ulilala upande ambao mafundi wengine hawaulazi.

Atupele alibaki ameushika mfuniko hata Damiano akamuuliza kama anaumwa. Mume wake yu hai. Lakini mtu yule hakuwa wa kukosea kipimo, na kosa lile lilimtia hofu. Akauliza habari za fundi. Damiano akamweleza kwamba ni Mtanzania mpole anayeishi peke yake, anayepima kwa ukucha wa kidole gumba kwa sababu macho yanamwishia. Fundi huyo aliwahi kumwambia Damiano kwamba ana mke Tunduma, ila hataki kwenda kumwongezea mzigo.

Atupele aliitengeneza saa, akamwomba Damiano jambo moja. Dereva alipofika tena Kitwe, akampigia, kisha akampa fundi simu.

"Baba Lusungu," Atupele alisema, "ule mfuniko uliupunguza mno."

Alisikia pumzi upande wa pili, akaitambua.

"Siuoni tena, mama Lusungu. Nirudi kufanya nini?"

"Urudi ukae."

Simu ikakatika.

Atupele alingoja wiki nzima. Hakuna aliyepiga. Basi akampeleka Lusungu kwa bibi yake, akatafuta karatasi za kusafiria, akapanda basi la Kitwe. Njiani hakulala; alikuwa akitafuta maneno ya kumwambia, na kila alilolipata aliliona halitoshi.

Alimkuta pembeni mwa soko, mvi zimemjaa, ameinamia saa kana kwamba anainusa. Ezron aliinua uso, akamkaribisha kama mteja.

"Ni mimi," Atupele alisema.

Ezron aliiweka saa chini. Aliuliza mtoto yuko na nani. Atupele akamjibu yuko Isongole, anasubiri kumwona baba yake. Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu naye mpaka mabega yao yakagusana. Baadaye Ezron akaanza kukusanya vifaa vyake mezani, kimoja kimoja, akivipapasa na kuvitia kwenye mfuko wa safari wa Atupele.