Mlima Katika Bahari ya Utulivu

Mzee Hamdan, mzaliwa wa Unguja aliyekulia Jeddah, aliuchora mwezi kwa miaka mingi akiwa juu ya paa la nyumba yao, mtaa wa Al-Safa. Alifuata njia ya wapiga picha wa zamani. Kamera zao zilitoa mwezi wenye ukungu, kwa hiyo walitazama kwa darubini, wakachora walichokiona, wakakifinyanga kwa plasta, kisha wakaipiga picha plasta yenyewe. Presha ya macho ilipompofua, bintiye Rania aliichukua michoro akaanza kufinyanga, ili wapeleke picha kwenye maonyesho Riyadh.

Plasta ilipokauka, mzee aliipapasa. Vidole vikasita.

"Hapa ni Bahari ya Utulivu. Ni bahari kwa jina tu; ni uwanda mtupu. Huu mlima umetoka wapi?"

Rania alikuwa ameuongeza mwenyewe, kwa sababu kivuli chake kiliipendezesha picha. Angeweza kusema hivyo tu.

"Umo kwenye mchoro wako, baba."

"Sikuuchora mie."

"Uliuchora. Umesahau."

Mzee akaupapasa tena, polepole, kwa muda mrefu.

"Basi macho yalikuwa yameshaanza kunihadaa," alisema.

Riyadh, picha ilitundikwa mahali pazuri na watu wakajaa mbele yake. Mwalimu mmoja wa falaki akauliza, kwa upole, mbona pana mlima mahali pasipo na mlima. Rania alihisi uso ukiwaka. Babake alikuwa kitini, kando yake kabisa.

"Ni makosa ya baba," alijibu. "Alichora macho yakiwa yanakwenda. Sikutaka kumvunja moyo."

Mama mmoja akamshika mkono, akamwambia kuwa watoto kama yeye wamebaki wachache. Mzee Hamdan akainuka, akageukia ilikotoka sauti ya mwalimu.

"Niwie radhi, ustadhi. Nilijiamini kupita kiasi."

Kwenye ndege ya kurudi Jeddah aliuliza, "Ipo michoro mingine niliyoikosea?"

Rania alikuwa amechoka. Akisema hapana, maswali yatamfuata mpaka nyumbani.

"Mingi, baba."

Walipofika, mzee aliomba michoro yote itupwe, asije mtu akapotezwa nayo. Rania aliitia kwenye mifuko myeusi, akaiteremsha mpaka kwenye pipa la taka barabarani, akarudi kunawa mikono.

"Umeitupa?"

"Halas, baba, nimeshaitupa."

Mzee akamshukuru.