Safari ya Polepole

Haraka haraka ina baraka tele. Anayekwambia twende polepole mchunguze vizuri, huenda anakupeleka mahali ambapo ungepajua mapema usingepanda gari. Severa aliyajua hayo baada ya kuzungushwa mwezi mzima. Sasa alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba chake mwenyewe, nyuma ya duka lake mwenyewe, Mtaa wa Msimbazi, akiwatazama wanaume watatu waliokuja kumhukumu. Hakuna hata mmoja wao aliyebisha hodi.

Wa kwanza alikuwa mumewe, Polycarp, aliyeshuka kwenye basi asubuhi ile na vumbi la Handeni bado limemganda kwenye nyusi. Wa pili alikuwa shemeji yake, Tarsis, aliyeachiwa duka Severa na mumewe walipokwenda safari. Wa tatu alikuwa Mzee Anselmi, karani wa reli, mtu mwenye sauti ya chini na suti ya kijivu, ambaye watu wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, waliohamia mjini walimpelekea ndoa zao, misiba yao na magomvi yao. Asemalo Anselmi hufika mlimani kabla ya barua.

"Shikamoo, Mzee Anselmi."

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

"Nimekaa siku tatu nyuma ya usukani. Nitasimama."

Tarsis alicheka kwa pua. "Mnamsikia? Mwanamke hana hata leseni."

"Nimefika, shemeji. Wenye leseni wamekuja kwa basi."

Polycarp alitazama sakafu. Nje, gari lenyewe lilikuwa limesimama mbele ya duka, limepakwa tope mpaka madirishani. Watu wa Kariakoo walilizunguka, wakiligusa matairi kama ng'ombe wa mnada.

Gari lile liliwahi kuwa la kubebea wagonjwa wa jeshi wakati wa vita. Polycarp alilipata mnadani, akaliingiza uani, akakaa nalo miezi miwili na msumeno. Alitengeneza kitanda cha mbao za mvule, rafu ya vyombo, na mahali pa kuwekea jiko la mafuta ya taa. Severa alishona mapazia. Mtaani waliliita Konokono, kwa sababu lilibeba nyumba yake mgongoni, na Mauza, mke wa mfanyabiashara Mwarabu wa duka la ng'ambo ya barabara, alikuja kulikagua akiwa na buibui lake na ulimi wake.

"Sisi waume zetu wanatupeleka Feri tukachague samaki, nao wanatuharakisha," alisema, akikikalia kitanda kujaribu ulaini wake. "Wako anakupeleka kuona milima na ndovu! Nenda, shoga, ukanenepe. Ukirudi na kiuno kile kile nitamshitaki."

Severa alicheka mpaka akaona haya. Tangu aolewe hakujua siku isiyo na mizani. Duka lilianzia kwenye cherehani yake. Alishona sare za shule barazani mpaka wakapata mtaji wa gunia la kwanza la vitunguu, kisha la maharage, kisha mikungu ya ndizi ikaanza kushuka kutoka mlimani kwa malori. Mume kumwambia, "Twende tukatembee tu, hatuna haraka, tutasimama popote moyo utakapotaka," kulikuwa kama kupewa mkono wa tatu. Hakujua aufanyie nini.

Nao walisimama kweli. Walisimama chini ya Uluguru, ukungu ukishuka milimani kama maziwa yanayochemka na kumwagika. Walilala Usambara siku nne, wakila matunda ya kizungu yanayouzwa kwa kikapu kando ya barabara. Polycarp alichemsha chai mwenyewe, akampelekea kitandani. Upareni alimwimbia. Severa aliolewa na mtu wa maneno machache, na sasa akamgundua mwingine, mcheshi, na akaanza kumpenda upya, kwa woga, kama anayekanyaga daraja la miti.

Walipofika Moshi, Kilimanjaro ilijifunua yote, mpaka kofia yake ya theluji. Polycarp hakukata kona kupanda nyumbani Kibosho. Alinyoosha kwenda Arusha.

"Tunapita chini ya mlango wa mama bila kumsalimu?" Severa aliuliza.

"Tutapanda tukirudi. Leo bado ni matembezi."

Mtu wa Kibosho hapiti chini ya mlango wa mama yake. Lile lilikuwa neno la kuuliza mara mbili, na Severa aliuliza mara moja. Mtu aliyeshiba hachunguzi chungu.

Kwenye lango la hifadhi ya wanyama, askari aliyevaa kaptura ya kaki alizunguka Konokono, akachungulia ndani, akachungulia hata uvunguni. "Bwana wenu yuko wapi?" akauliza.

"Bwana ni mimi," Polycarp akajibu.

Askari alimtazama, akamtazama Severa, akatazama tena chini ya gari, kana kwamba Mzungu amejificha kwenye matairi. Walicheka siku nzima kwa jambo lile. Na kesho yake, kwenye uwanda usio na mti wala mtu, nyumbu wametapakaa mpaka upeo wa macho, Polycarp alishuka upande wa dereva na kumwambia, "Haya, kaa wewe." Alimfundisha siku tatu. Achia klachi taratibu. Usilibembeleze, liamuru. Gari liliruka kama mbuzi, nyumbu wakatimka, nao wakacheka mpaka machozi. Kama Severa angeulizwa jioni ile kama kuna mwanamke mwenye bahati kumshinda, angesema aletwe amwone.

Siku ya nne mvua ilinyesha. Baridi iliingia mpaka kwenye mifupa, na Severa akapiga magoti kutafuta blanketi la akiba chini ya kitanda. Mkono wake uligusa gunia, na ndani ya gunia kitu kigumu chenye umbo alilolijua kuliko uso wake. Alilifungua. Ilikuwa cherehani yake. Chini yake kulikuwa na khanga zake zote, viatu vyake vya kanisani na cheti chake cha ubatizo.

Nani huchukua cherehani kwenda kutazama simba?

Hakuuliza. Alirudisha kila kitu, akalifunga gunia kama alivyolikuta. Kilichomuuma zaidi kilikuwa fundo. Lilikuwa fundo la Polycarp, limekazwa vizuri, zuri, la mtu ambaye hakuwa na haraka. Basi akapika wali, akampakulia, akamtazama akila na kusifu.

Kibosho walipokelewa na baba wadogo saba wa Polycarp na jembe moja. Mama mkwe alilishika jembe lile kwa mikono miwili, mpini wake mweupe, bado unanuka mti mbichi. "La kwako hili, mkwe wangu. Kihamba hiki cha mababu hakina mtu. Migomba inalia." Na Polycarp, bila kumtazama, akawaambia baba zake wadogo, "Severa amechoka na mji. Atakaa na mama. Tarsis atanisaidia dukani." Severa alizisikia habari za uchovu wake kama mtu anayesikia tanzia yake mwenyewe redioni. Wazee wale waliitikia kwa vichwa. Mambo yalikuwa yamekwisha zamani. Kilichokuwa kimebaki ni kumfikisha tu.

Jumapili wanaume walikwenda kunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa jirani, na mama mkwe alikuwa kwenye misa ya pili. Ufunguo ulining'inia kwenye msumari. Severa alilipandisha gunia garini, akashika usukani, akateremka mlima kwa gia ya kwanza, akisali kwa sauti na kutukana kwa sauti ile ile. Alilala kwa masista wa misheni njiani. Hakusimama popote moyo ulipotaka. Siku ya tatu aliingia Kariakoo, akakuta Tarsis amekalia stuli yake dukani na fundi amekwisha andika kibao kipya juu ya mlango: Polycarp na Ndugu. Rangi ilikuwa haijakauka. Aliifuta kwa kipande cha kitambaa na mafuta ya taa, watu wakimtazama, kisha akamwambia Tarsis ashuke.

"Ulimwacha mume wako kwa mama yake kama mzigo," Mzee Anselmi alikuwa akisema sasa, polepole. "Alitafutwa kila mahali. Wanywaji mbege wamepata hadithi ya mwaka mzima. Unajua wanamwitaje?"

"Sijui."

"Afadhali usijue."

"Wanamwita Abiria," alisema Tarsis, ambaye hakuweza kujizuia.

"Nyamaza, Tarsis!" Polycarp alifoka, na mishipa ya shingo ikamsimama.

Mlangoni kivuli kikaziba mwanga. "Hodi, hodi! Severa, gari lako limewafungia njia wateja wangu," sauti ya Mauza iliingia kabla yake. "Nije mimi niliondoe? Maana siku hizi naona tunaendesha."

"Bibi, hapa kuna mazungumzo ya watu," Mzee Anselmi alisema.

"Wallahi sikujua. Niliona wanaume watatu na mwanamke mmoja amesimama, nikadhani ni polisi." Mauza aliwatazama mmoja mmoja, akavuta buibui, akatoka bila kuomba ruhusa.

Mzee Anselmi alisubiri hatua zake zipotee. Kisha akatoa gazeti lililokunjwa kwenye mfuko wa koti, akalifungua juu ya meza. Ndani yake lilikuwapo jani la isale, refu, la kijani kibichi, limepigwa fundo katikati. Severa alirudi nyuma hatua moja. Hakulelewa kulichezea jani lile. Lilioteshwa mipakani na makaburini. Mlimani, mwenye kosa akikuletea isale huruhusiwi kukataa, hata kama amemuua ndugu yako; na akishalitoa, kosa ni lake, amelikiri mbele ya walio hai na waliokufa.

"Limetoka kwenye kihamba cha mume wako. Nimeletewa asubuhi hii," alisema Anselmi. "Lichukue, umpe. Hataweza kukataa. Yatakwisha hapa hapa, bila kelele. Kisha mtapanda wote, umsalimu mama yako."

"Nipande nikakae?"

"Hayo ni ya baadaye."

"Ya baadaye yana mpini mpya, Mzee. Nimeyaona."

Polycarp aliinua uso kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, na Severa akaona ndani yake yule mtu wa uwandani, yule wa chai kitandani. Moyo wake, ambao aliusukuma siku tatu nzima kama gari bovu, ukataka kusimama.

"Kihamba kikikosa mtu baba wadogo watakigawana," Polycarp alisema kwa sauti ndogo. "Ningekwambia hapa, ungekataa."

"Ningekataa."

"Basi nilifikiri kwanza tufurahi. Nilitaka upate safari nzuri, Severa. Wenzangu wangekupakia kwenye lori la ndizi. Mimi nilikutengenezea kitanda kwa mikono yangu. Kwani sikukufurahisha?"

Jani lilikuwa palepale, na Severa alinyoosha mkono akalichukua. Mzee Anselmi alishusha pumzi. Tarsis akajiweka vizuri kitini. Polycarp alifungua viganja viwili juu ya magoti, tayari kupokea, kama mtoto anayesubiri komunyo.

Severa alikumbuka nyumbu wakitimka. Alikumbuka alivyocheka, na kwamba yeye aliyekaa kando yake alicheka vilevile, huku akijua kilichofungwa chini ya kitanda, na fundo alilifunga mwenyewe.

"Ulinifurahisha," alisema. "Sijawahi kufurahi hivyo. Hilo ndilo lililonishinda kukusamehe."

"Basi nipe jani, tuanze upya."

"Nikikupa, nitakuwa nimeongopa mbele ya wafu wako."

Alilirudisha kwenye gazeti, akalikunja kwa adabu, mkunjo juu ya mkunjo, akalisogeza mbele ya Mzee Anselmi kwa mikono miwili. Polycarp hakufunga viganja vyake. Vilibaki wazi juu ya magoti, vitupu, na Severa alijilazimisha kuvitazama.

Dukani mtu aliita, "Wenyewe! Tunauziwa au hatuuziwi?"

"Nakuja!" Severa alijibu.

"Severa." Sauti ya mzee ilikuwa imeshuka zaidi, na ndani yake hamkuwa tena na ubaba. "Ukitoka humu bila kuomba radhi, mimi siwezi kukutetea mlimani. Wala mjini. Hakuna mtu wa kwetu atakayekanyaga duka hili. Watu watakuja kuniuliza ulisemaje. Nipe neno la kuwapelekea."

Severa alikwisha kuliinua pazia la dukani. Aligeuka, akawatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine, mpaka alipofika kwa mumewe.

"Waambie siombi radhi."