Baba Mkwe Juu ya Friji

"Toa hiyo sanamu kabla..."

"Si sanamu, ni mzee..."

"...kabla bamama wa maombi hawajafika!"

"...mzee wa watu, Mama Chloé! Msalimie kwanza."

"Nisalimie udongo?"

Firmin alikuwa ameiweka juu ya friji, katika chumba chao cha Berea, Joburg, tena kaivalisha kofia yake ya ulinzi. Utani huo ndio uliomchemsha kabisa mkewe Thérèse, huyo Mama Chloé. Miaka minne Firmin alilinda duka la vyombo la Mama Lin, na kila asubuhi alimwambia huyu mzee wa dirishani, "Jambo, papa." Sasa duka limefungwa, Mama Lin amerudi China, na zawadi ya kuagana ndiyo hii: mtawa wa Kibuda, kaketi, masikio yananing'inia, joho lake la kijani linameremeta kama limetoka kunyeshewa sasa hivi.

"Pasta atasema tunaabudu mapepo."

"Eish! Nani kamwomba kitu? Angalia uso wake."

Uso haukupakwa ile rangi ya kung'aa. Mafundi, Mama Lin alimweleza, huacha udongo mtupu usoni na mikononi ili mikunjo ionekane. Basi uso ulikuwa wa kahawia, paji lina mistari mitatu, shavu moja limebonyea kama la mtu aliyeng'olewa magego, na bado anacheka.

Firmin akaivua ile kofia. Mzaha ulikuwa umemwisha.

"Ni papa," alisema. "Papa Laurenti, baba yangu, alicheka hivihivi. Nyumba yetu kule Uvira iliungua na picha zote. Miaka kumi na moja sijaiona sura yake, Thérèse. Nikiitoa hii, nitamsahau."

Thérèse akautazama tena ule uso. Walikutana na kuoana hapahapa Joburg, mzee alishakufa. Hakuna aliyewahi kumpeleka ukweni. Firmin akamwona anavuta kitenge, anafunika mabega. Kisha andazi alilokuwa akitafuna akalificha nyuma ya sufuria, maana kwao mke wa mtu hali mbele ya baba mkwe.

Mlango ukagongwa. "Hodi! Bwana asifiwe!"

Bamama wa maombi. Firmin akamkumbatia mzee wake haraka, amsukumie chini ya kitanda. Thérèse akamshika mkono.

"Mrudishe. Wangoje kidogo."

"Wangoje nini?"

Mzee aliporudishwa juu, Thérèse akapiga magoti mbele ya friji, macho chini.

"Nitambulishe kwake."